Redio Ilisema Tutulie

Mpaka leo nikisikia mtangazaji anasema studio zao ziko wazi kwa wananchi, nazima. Wanangu wananiambia nina kisirani. Ninacho, sikatai, na nilikipatia sokoni Sumbawanga, mwaka ule tulipoletewa redio yetu wenyewe.

Kabla ya hapo redio ilikuwa moja, inatoka Dar es Salaam, na mama yangu aliiamini kama alivyoamini kengele ya kanisa. Msimwone mjinga. Alikua wakati ambapo bei ya mahindi ilitangazwa redioni, na ikishatangazwa, hiyo ndiyo bei, uwe mjini au uwe kijijini Mwazye. Redio ikisema shule zinafunguliwa, zinafunguliwa. Ikisema fulani si mkubwa tena, huyo fulani anaanza kufunga mizigo. Nyumbani kwetu taarifa ya habari ilipoanza hatukuruhusiwa hata kutafuna kwa sauti. Mtu akitaka kumaliza ubishi alisema "redio imesema", na ubishi ulikwisha hapo hapo.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Wenye malori walikuja na bei zao vichwani, wakanunua mahindi yetu kwa namna walivyoamka siku hiyo. Ikawa ruksa kufungua duka, ruksa kufungua chama, na baadaye ruksa kufungua redio. Ya kwetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la saruji na mabati, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Ilitangaza salamu, vifo, kwaya na ng'ombe waliopotea, na kila asubuhi kulikuwa na kipindi cha mazungumzo kuhusu mji: maji, taka, barabara, ngoma za asili, nani anafaa kuchaguliwa na nani ametuchosha. Mtangazaji alikuwa kijana wa kuja, mwenye sauti nene na kicheko kizuri. Soko zima lilimpenda. Alitaja vijiji vyetu, Kipili na Ilemba, kwa majina, na sisi hatukuwa tumezoea kutajwa.

Mama aliuza ulezi, maharage na dagaa wa Kipili kwenye meza ya pili kutoka langoni. Meza hiyo aliipata baba akiwa hai, na baba alipoondoka ndiyo iliyotulisha na kunifikisha kidato cha nne. Nilikuwa nimemaliza, sina kazi, basi nikawa nampepetea ulezi. Redio aliifunga kwa mpira kwenye nguzo ya kibanda. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na dagaa.

Tukasikia kwamba soko litavunjwa, mwekezaji ajenge jipya. Waliokuwepo wangepewa meza mpya kwa kuokota namba kwenye uwanja wa halmashauri, Jumatano. Wengine walisema ni kweli, wengine walisema ni fitina za wapinzani, na soko likagawanyika. Ndipo kipindi cha asubuhi kikamwalika mheshimiwa aliyeshughulikia mambo ya masoko. Walizungumza sana kuhusu maendeleo na sura ya mji. Mwishoni mtangazaji akauliza swali moja la maana: akina mama waende wakaokote namba, au wasubiri?

"Nawaambia akina mama watulie," mheshimiwa akasema. "Hakuna atakayeguswa mpaka mavuno yaishe."

"Mmesikia wenyewe, wasikilizaji," mtangazaji akasema, akapiga wimbo.

Mama akatulia. Nilimwambia twende tu, kuokota namba hakutatuvunja mgongo. Alinitazama kama nimemtukana mzazi wake. "We mtoto," akasema, "redio imesema." Karibu wanawake wote wa Kifipa wa upande wetu walitulia pamoja naye, watu wazima waliokuwa na akili zao timamu.

Aliyekwenda ni jirani yetu wa meza ya tatu, mama wa Kisukuma aliyeuza samli na maziwa mgando. Wao walikuwa wamefika Rukwa na ng'ombe wao baada ya kuhamishwa huku na kule, na kila walipohamishwa kuna mtu alitangulia kuwapa maneno laini. Alimwambia mama kwamba kwao wakiambiwa watulie ndipo wanapofungasha. Mama alimcheka kidogo, kwa upole, kama unavyomcheka mgeni. Jumatano yule mama alikwenda, akaokota namba, akarudi kuuza samli yake bila kujigamba.

Mavuno yalikuwa bado, ulezi bado uko mashambani na mvua za mwisho zinanyesha, mgambo walipokuja na tingatinga. Mama akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nashikwa na hasira upya. Alifungua ule mpira kwenye nguzo, akaishika redio kwa mikono miwili, akamnyooshea mkubwa wa mgambo. Akamwambia amuulize huyu. Redio wakati huo ilikuwa inasoma salamu za mtu kwa shemeji zake. Mgambo akacheka, na wenzake wakacheka. Meza iling'olewa na gunia likapasuka. Mahindi yakimwagika kwenye matope utayaokota na kuyaosha, ila ulezi ukishamwagika humo ndiyo umekwenda.

Kesho yake mama alivaa kitenge chake cha kanisani, tukapanda ngazi za redio. Alimsalimia yule kijana kwa heshima zote za Kifipa, amepiga goti, anapiga makofi taratibu, mwanamke wa umri wa kumzaa. Yule kijana akamwomba asipige makofi, kipaza sauti kinanasa. Akasikiliza habari yote, akatikisa kichwa kwa huruma. Sauti yake ilikuwa ile ile nzuri.

"Mama yangu, yale yalikuwa maoni ya mgeni wetu. Kituo hakihusiki."

Mama akauliza, "Sasa baba, kama hayakuwa ya redio, yaliingiaje redioni?"

Kijana akaangalia saa. Alisema swali ni zuri na atalipangia siku. Kwa kumpoza akampa kadi ya salamu, zile zilizokuwa zinauzwa madukani ujaze salamu zako zisomwe redioni, akampa bure. Nilitaka kuichana mbele yake. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Soko jipya lilipofunguliwa, kwenye meza ya pili kutoka langoni alikaa shemeji wa mheshimiwa, anauza ndoo za plastiki na chupa za chai kutoka ng'ambo. Yule mama wa Kisukuma alikuwa meza ya nne. Alimwambia mama wagawane meza hiyo, nusu samli na nusu ulezi. Mama alikataa. Alitandika gunia chini, nje ya lango, na wenzake waliotulia wakatandika ya kwao pembeni yake, kwenye vumbi la malori. Kipindi cha asubuhi hakikuwahi kuwataja, ila mtangazaji alilalamika mara kadhaa kuhusu wanaopanga bidhaa barabarani na kuharibu sura ya mji.

Siku moja mama akaitoa ile kadi kwenye kitenge, akaniambia niandike. Jina lake. Mahali alipo: nje ya lango la soko. Anawasalimu wote waliokalia meza zetu. Palibaki mstari wa ujumbe, na hapo alifikiri mpaka nikadhani amesahau. Alitaka jambo lenyewe liwe limesemwa redioni, kwa sababu moyoni mwake lilikuwa bado halijatokea rasmi. Aliponitajia neno nilimuuliza kama ni hilo tu. Akasema ni hilo tu.

Ilisomwa asubuhi, tukiwa tumekaa palepale chini. Wanawake wote walinyamaza kama enzi za taarifa ya habari. Mtangazaji alisoma jina, akasoma lango, akasoma meza, kwa haraka na kwa furaha, kama alivyosoma kadi zote.

"Na ujumbe wake anasema: tulitulia." Akacheka kile kicheko chake kizuri. "Ujumbe mzuri sana huo wa amani, wasikilizaji. Tuige mfano wa mama huyu."

Kisha akapiga kwaya. Mama aliizima redio, akaifunika kwa kitenge, akaniambia nivute gunia ndani kidogo, lori linakuja.