Kaa Hapo kwa Taa

Mjomba wangu Dalmas Khaemba alikuwa fundi wa kuchora muziki kwa mwanga. Usicheke. Mwaka wa 1953, Mzungu mmoja aliyeitwa Peterson, kiongozi wa okestra ya masetla, walowezi wa Nakuru, alitaka rangi zicheze jukwaani muziki ukipigwa, na kazi hiyo akampa mjomba. Nyuma ya shuka kubwa jeupe, Khaemba aliweka taa ya picha, na kati ya balbu na lenzi akatia kisanduku cha kioo chenye maji. Humo alidondosha wino akifuata ngoma. Lenzi ilipindua kila kitu, kwa hiyo wino uliozama majini ulipanda kwenye shuka kama moshi.

Msaidizi wake alikuwa rafiki yake Waithaka. Siku hizo Wakikuyu walishukiwa wote kuwa waasi, wakirundikwa kwenye malori na kufukuzwa mjini. Peterson aliahidi kwamba onyesho likifana, atamwombea Waithaka kibali cha kubaki na familia yake.

Masetla walikuja na bastola mapajani kwa hofu ya waasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini wengi wa wale hawakuwa wameumwa hata na siafu.

Ngoma ziliponguruma, Khaemba akamimina wino mwekundu. Papo hapo kona ya shuka ikachomoka, picha ikaanza kutetema. Waithaka akaona kibali chake kinapeperuka. Akanyakua nyundo aipigilie kona ile, akapita mbele ya taa. Upande wa watazamaji likatokea jitu jeusi linalogusa dari, nyundo juu, katikati ya wekundu ule.

Mwanamke akapiga yowe. Bastola zikalia. Swichi ya taa ilikuwa upande wa watazamaji, mjomba hangeifikia. Lakini aliona matundu yakitoboka juu kabisa, kwenye kifua cha lile jitu, mbali na kichwa cha Waithaka. Akaelewa.

"Kaa hapo kwa taa, ndugu yangu! Usiende mbele!"

Waithaka hakusikia, au hakuamini. Alitupa nyundo, akaliendea shuka mikono juu.

"Ni mimi, bwana! Ni Waithaka!"

Kila hatua kivuli kilipungua, na risasi zikashuka nacho. Alipolifikia shuka, kivuli kilikuwa kimo chake. Wakamtoboa koo na tumbo.

Peterson akaja nyuma, akatazama, akauliza kama shuka litashoneka. Mjomba aliokota nyundo akamvunja taya, na mimi nafurahi mpaka leo. Askari walimpiga kwa vitako vya bunduki hadi jicho moja likapasuka, kisha wakamfunga.

Sasa ni mzee, anaishi kwangu Dundori. Jioni wanangu hucheza na vivuli vyao mbele ya taa ya chemni. Mmoja akisogea ukutani, mzee huruka kitini akilia, "Rudi kwa taa! Rudi!"

Wao hudhani ni sehemu ya mchezo. Hucheka, wakarudi.