Maoni Yaliyobaki Kwenye Simu

Rafika wa Gabes, kusini mwa Tunisia, hakuwa mtu wa kubembelezwa, wala wa kubembeleza. Aliitunza programu huria ya zamu za maji, ile ambayo wakulima wa mitende kule oasisini huifungua kwenye simu kujua leo maji ni ya shamba la nani. Wanaoiandika ni watu wa kujitolea tu, na yeye ndiye aliyetwishwa kazi chungu ya kusikiliza maoni ya kila mtu kabla ya kitu kubadilishwa.

Sheria aliiweka mwenyewe. Pendekezo linabandikwa kwenye ukurasa wa mradi, watu wanatoa maoni, na muda ukiisha bila pingamizi, limepita.

Alasiri ile muda ulikuwa unaisha. Pendekezo lilikuwa la Nizar, fundi wao mkuu kule Tunis: programu iache kufanya kazi kwenye simu kuukuu. Maoni yote yalikuwa ya kusifu. Lakini Rafika alikwisha kuyapitia majina, akaona ni mafundi watupu. Mkulima hata mmoja hayumo.

Mafundi wakakutana kwa sauti mtandaoni.

"Dada Rafika, funga basi," Nizar alisema. "Hakuna aliyepinga."

"Wakulima hawajasema."

"Ukurasa uko wazi kwa wote. Wamefungwa midomo?"

"Wako juu ya mitende, Nizar. Ni mavuno."

"Kila siku wana lao! Mimi natoka kazini hoi, nakaa kutia viraka kwa ajili ya simu zilizokwisha kufa. Ukikataa, tafuta mwingine."

Nusu ya programu ile aliijua Nizar peke yake. Kidole cha Rafika kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kukubali, ndipo akakumbuka kikundi cha wakulima kwenye simu yake, alichokizimia mlio tangu mavuno yaanze, maana makelele yao yalimchosha. Akakifungua. Jumbe za sauti za Haji Lazhar, mgawa maji wa Nefta, zimejaa tele, hakuna hata moja iliyosikilizwa.

Akampigia hapo hapo, wote wakisikia.

"Leo umenikumbuka?" mzee alifoka, upepo ukivuma. "Nimesema mpaka koo limekauka! Nikadhani umeolewa, umetusahau."

"Nisamehe, Haji. Lile pendekezo la simu, unasemaje?"

"Hapana! Wagawa maji wote huku simu zetu ndizo hizo. Mkituzimia, tutarudi kugombana kwa majembe."

"Nunueni mpya, Haji," Nizar akadakia.

"Nani huyo? Njoo unishikie mtende nishuke nikanunue!"

Mtu akacheka. Nizar hakucheka. "Maoni hayo hayapo ukurasani. Na sheria ni yako, Dada."

"Ni yangu, na niliikosea," Rafika alisema. "Nimewahesabu kuwa wamekubali, kumbe mimi ndiye niliyeziba masikio."

Akabonyeza kukataa.

Nizar akatoka bila kwaheri. Chai ya Rafika haijapoa, jina la Nizar limekwisha toweka kwenye orodha ya mafundi. Wapo wanaosema angembembeleza. Angembembeleza kwa lipi? Aliifuta sheria ile, akaandika nyingine: pendekezo linalowagusa wakulima halifungwi mpaka waseme wenyewe, kwa mdomo ikibidi. Kisha akafungua viraka vya Nizar, nusu asivielewe, akaanza na mstari wa kwanza.

Haji Lazhar alikuwa bado hajakata simu.

"Wewe! Kwa hiyo maji ya kesho ni ya nani?"

Rafika akaitazama programu.

"Ni yako, Haji. Shuka kwanza."