Muuguzi Mkuu na Mafua Yake

Hapa mjini Osh, katika wodi yetu sisi wenye virusi vya UKIMWI, muuguzi mkuu husukuma mlango kwa kiwiko. Kutupima joto tu huvaa glovu mbili mbili, na tukimkaribisha chai ya kijani husema ameshashiba hata kabla hatujamimina. Mnong'ono wake husikika mpaka getini: "Wale wa virusi wameshakula?" Ukutani amebandika bango zuri la kutukataza kubaguana. Majuzi, theluji ikianguka, alikuja kazini macho mekundu na pua imevimba, akainama juu ya kitanda cha Gulbara kumtundikia dripu, akamkoholea shingoni. Gulbara, ambaye kinga yake imebaki kidogo na mapafu yanamsumbua tangu vuli, alivuta blanketi mpaka machoni.

"Dada yangu, nenda nyumbani ukalale."

"Aa, mafua tu haya. Hayaui mtu."

"Wewe hayakuui. Mimi yananimaliza, na nina watoto wananisubiri. Niitie mwingine."

Sisi tuliokuwa tukicheka chini ya mablanketi tukatoa vichwa kutazama. Mama wa watu alitazama huku na huku kama anayetafuta shahidi, kisha akatoka. Akaja msichana wa zamu amevaa barakoa, akanawa mikono, akamtundikia Gulbara dripu taratibu huku akimuuliza habari za watoto. Kutoka koridoni tulimsikia mkuu wetu akimnong'oneza mfagizi: "Dunia imeharibika, mwenzangu. Yaani siku hizi wao ndio wananiogopa mimi!"