Cherehani cha Mbele

Mtu asikudanganye kwamba cherehani ni cherehani tu. Duka lile la ushonaji lilikuwa jembamba, na vyerehani vitatu vilifuatana humo: cha mbele mlangoni, cha kati, na cha nyuma kabisa kwenye kona. Ukikaa mbele jua ni lako tangu asubuhi, wapita njia wanakusalimu, wateja wanakuita fundi. Ukikaa nyuma una balbu moja yenye maringo, inawaka ikitaka.

Huko nyuma ndiko alikozeekea Mama Kona. Jina hilo alipachikwa na wenzake, naye akalipokea, maana angefanyaje? Desturi ya duka ilikuwa fundi akiondoka, aliye nyuma yake anasogea. Lakini wa kati alipoacha kazi, tajiri mwenye duka alimweka shemeji yake pale. Mama Kona akauliza kwa upole zamu yake imekwenda wapi.

"Wewe mama umeshazoea huko," tajiri akamjibu. "Hata ukifumba macho unajua kila kitu kilipo."

Duka zima likacheka. Yeye naye alicheka, huku roho inamuuma.

Macho ndiyo yaliyokuwa yakimwishia, jamani, na dukani hakuna aliyejua. Ukungu ulikuwa umeingia, kwanza kidogo kidogo, kisha bila huruma. Uzi wa cherehani aliutunga kwa kupapasa. Wa sindano ya mkono ulimshinda. Basi kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, mumewe alivaa miwani, akamtungia sindano na kuzichomeka kwenye kipande cha godoro, za uzi mweusi upande huu, za mweupe upande ule.

"Vumilia, mama watoto," alikuwa akimwambia. "Siku ukikaa mbele, penye mwanga, utaona vizuri tu."

Naye aliamini. Hakuwa na tumaini lingine, akalishika hilo kwa mikono miwili.

Siku ikafika. Shemeji alichoka na ushonaji, akaenda zake kuuza simu. Kabla hajapatikana wa kati, fundi wa mbele naye akashindwa na mgongo, akaaga. Tajiri akasema, bila hata kumtazama, haya mama, sogea mbele. Mama Kona alikusanya mkasi, tepu na kile kipande cha godoro, akaenda kuketi mlangoni. Moyo ulimwenda mbio kama wa bibi harusi, na umri wote ule.

Jua lilimpiga usoni. Akangoja macho yazoee. Akangoja mpaka tumaini lake likazimika: kadiri mwanga ulivyozidi ndivyo ukungu ulivyozidi kuwa mweupe. Masikini, kule gizani alikuwa akiona afadhali. Tena kule kila kitu kilikuwa na mahali pake, mkono ukienda unakipata. Hapa mkono ulipapasa meza tupu.

Alijikaza, akashona gauni aliloletewa. Mwenye gauni alipokuja kulijaribu, mkono wake ulikwama njiani. Mama Kona alikuwa amelishona hata sehemu ya mkono ikazibika kabisa. Watu waliokuwa wakipita wakasimama kutazama, maana mlangoni hakuna pa kujificha. Tajiri alikuja, akapitisha kidole taratibu mbele ya macho ya Mama Kona, na macho hayakukifuata.

"Nirudishe nyuma," Mama Kona akamwomba. "Kule najua kila kitu kilipo."

Tajiri hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alisita, akakuna kichwa, kisha akamweleza kuwa kwenye kona ile ameshaweka meza ya pasi. Akamwambia aende nyumbani akapumzike. Hakusema mpaka lini.

Jioni mumewe alitaka habari zote. Mbele pakoje?

"Pana mwanga," alisema, akageuka kuchochea moto.

Asubuhi alimkuta mzee wa watu ameshaamka, miwani puani, anaimba chini kwa chini. Alikuwa ametunga sindano nyingi kuliko siku zote, kwa kuwa fundi wa mbele hakosi kazi. Mama Kona alizipokea, akashukuru, akazitia kwenye mkoba. Akatoka, akafika barabarani, akasimama hapo na mkoba wake, hana pa kwenda.