Mpira Uliopitia Jikoni kwa Mado

Wakati wa ile vita ya pili ya Wazungu, dunia ilikuwa na wataalamu wakubwa watatu wa mpira. Mmoja alikuwa ng'ambo na sisi hatukumwona kamwe. Wa pili alikaa Kabambare, katika nyumba ya matofali yenye baraza pana. Wa tatu alikuwa mama yangu mkubwa Mado, mke wa Hippolyte, ambaye hakujua kusoma na alipikia juu ya mafiga. Wawili wa kwanza walilipwa.

Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake mwenyewe. Nitayasema bila kuyapamba, maana watu wa kupamba ndio waliotuletea balaa lote hili.

Vita ilikuwa mbali sana na kijiji chetu, kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kabambare, lakini ilitaka magurudumu. Tuliambiwa kwamba mashamba ya mpira huko Asia yametekwa, kwa hiyo kila mwanaume mzima aingie msituni, atafute zile kamba zinazotambaa juu ya miti, azikate, akinge utomvu wake mweupe, na siku ya mizani alete mpira. Wazee waliposikia neno mpira walikumbuka mikono iliyokatwa. Wao walikuwa wameshayaona hayo utotoni mwao, wala hawakuwa na hamu ya kuyaona tena. Lakini mwenye nguvu mpishe, watu wakaingia msituni.

Hippolyte alikuwa mkulima wa mpunga, na mpunga ulimsikia. Msituni alikuwa si kitu. Alipotea njia ambazo mbuzi hapotei. Alikata kamba zisizo na utomvu, akaziacha zenye utomvu, akarudi nyumbani amelowa, anatetemeka kwa homa, na kibuyu hakijafika hata nusu. Mara mbili mpira wake ulipungua kwenye mizani, na mara zote mbili alifungwa Kabambare na kuchapwa kiboko. Mama mkubwa alimpaka mafuta ya mawese mgongoni huku akilia. Usidhani alilia kwa huruma. "Nililia kwa hasira," aliniambia. "Mtu wangu nilimwoa akiwa na ngozi nzima." Ndivyo alivyosema, nilimwoa, na mimi sikuthubutu kumsahihisha.

Jambo alilolitaka Mado lilikuwa moja tu: mume wake alale nyumbani. Mengine yote, mkoloni angeweza kuyachukua.

Basi akaamua kuiba. Kila mtu aliiba. Wengine walitia mawe ndani ya donge la mpira, wengine mchanga, wengine magome ya mti. Ila karani wa mizani, kijana aliyeitwa Théophile, alikuwa na kisu kirefu, na kila donge alilipasua katikati. Kisu kikigonga jiwe, mwenye donge alikuwa amekwisha. Mama mkubwa aliona kwamba wenzake wanaiba kivivu. Kwetu mwanaume alileta utomvu nyumbani, na kazi ya kuugandisha ilikuwa ya mwanamke, jikoni. Yeye akachukua uji mzito wa muhogo, akaukoroga ndani ya utomvu ungali maji, ili uzito uenee kila mahali. Lakini muhogo ulifanya mpira uwe mweupe wa kutia shaka. Akakwangua masizi chini ya vyungu, akayasaga laini na makaa ya mti mgumu, akayatia nayo. Donge likatoka jeusi tii. Kisu cha Théophile kilipita ndani yake bila kugonga kitu.

Mumewe hakumwambia. Hippolyte alikuwa na uso usioweza kubeba uongo. Hata jogoo wa Krismasi alimwonea haya wiki nzima kabla ya kumchinja. Yeye aliona tu kwamba mizani sasa inamkubali, akadhani ameanza kuujua msitu. Akaanza kutembea akinyanyua kidevu. Mado akamwacha anyanyue, mradi alikuwa anarudi mapema na kulala kitandani pake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya masizi ya mama mkubwa ilivuka bahari.

Yule wa nyumba ya matofali, tuliyemwita Bwana Utomvu, alikuwa mtu wa vitabu, mwembamba, mwenye vidole vilivyonata daima. Aliletwa ili achunguze mpira wa nchi yetu, maana wakubwa walilalamika kwamba ni mbaya: juani unalainika na kunata, kwenye baridi unakauka na kupasuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku moja akapita kwenye ghala, akaokota donge la Hippolyte lililosahauliwa juani tangu asubuhi, akalivuta. Likavutika, likarudi. Halikunata. Akalivuta tena. Théophile alisema yule Mzungu alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kanisani.

Akatuma kipande ng'ambo, kwa yule mtaalamu wa kwanza. Miezi ikapita, jibu likaja: mpira wa ajabu, haujawahi kuonekana, bila shaka unatoka kwenye kamba ya aina mpya kabisa. Wataalamu wakaipa kamba hiyo jina la Kilatini, na mkiani mwa jina wakatia jina la Bwana Utomvu. Ikawa kamba yenye jina, yenye baba, yenye sifa. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, kuwapo.

Hippolyte akaitwa aionyeshe. Kwa moyo mweupe akamwonyesha kamba aliyoikata wiki ile. Bwana Utomvu akaikata mwenyewe, akaugandisha utomvu wake kwenye baraza lake: ukatoka mpira wa kawaida, wenye kunata kama wa jirani. Akajaribu kamba nyingine, na nyingine. Akapima udongo. Akapima mvua. Akauliza kama kamba ile inakatwa mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na Hippolyte, ambaye hakutaka kumvunja moyo mgeni, akasema anafikiri ni mwandamo. Bwana akaandika. Kila mahali alichunguza, isipokuwa jikoni. Siku moja alifika mpaka mlangoni kwa Mado, moshi ukamwingia machoni, akageuka.

Hatimaye akakata shauri. Kamba mpya inafanana na zile za kawaida, imejificha katikati yake, na mtu mmoja tu duniani ana jicho la kuitambua, ingawa mwenyewe hawezi kueleza. Kwa hiyo Hippolyte alivishwa kofia nyekundu na medali ya shaba kifuani mbele ya watu wote, akafanywa kapita, yaani msimamizi, wa msitu. Chumvi na nguo atapewa. Naye atakaa kambini, ndani kabisa ya msitu, mpaka kamba ile ipatikane. Utomvu wake utapelekwa nyumbani kugandishwa "kwa desturi ya wenyeji".

Watu wakapiga vigelegele. Mama mkubwa alisimama katikati yao akipiga hesabu. Alikuwa ameiba ili mume alale nyumbani, na sasa wizi wake umempa kazi ya kulala msituni mpaka kitu kisichokuwapo kionekane.

Alivumilia msimu mmoja wa mpunga. Aliuvuna peke yake na binti yao Cécilia. Kisha akabeba kibuyu cha utomvu, chungu kidogo cha uji, ndimu mbili na masizi kwenye jani, akaenda Kabambare kwenye lile baraza. Théophile akamzuia ngazini.

"Mama Cécilia, unaleta nini?"

"Naleta ile kamba wanatafuta."

Akamweleza. Théophile akatazama huku na huku, maana ni kisu chake kilichopita ndani ya madonge yale yote.

"Rudi nyumbani, mama. Ukisema hivi, watakuchapa weye, watachapa bwana yako, na miye pia."

"Wanichape. Kisha wanirudishie mutu wangu."

Bwana Utomvu alitoka kwa kusikia sauti. Mado hakungoja kutafsiriwa. Alikaa chini, akakoroga uji ndani ya utomvu, akatia masizi, akamimina maji ya ndimu ya kuugandisha, akakanda, akalibana donge kwa kiganja, akalitoa jeusi na kumwekea mezani juu ya karatasi zake. Yule Mzungu alilichukua. Akalivuta, likarudi. Akalinusa, akaling'ata kwa meno ya mbele. Kisha akakaa kitini, donge mkononi, hata Mado akaanza kumwonea huruma, jambo lililomuudhi mno baadaye.

Mwishowe akasema maneno machache. Théophile akatafsiri akiangalia miguu yake.

"Anasema masizi ni uchafu. Anasema mupira inatoka ku muti, haitoki ku chungu. Wakubwa wa ng'ambo wamekwisha kuipa ile kamba jina."

"Lakini ameona kwa macho yake!"

"Ameona, mama. Anasema umemuchafulia meza."

Hakuchapwa. Hata kumchapa kungekuwa kukiri. Ndivyo nilivyoelewa mimi mapema kwamba msomi si lazima awe mjinga. Wakati mwingine anaona vizuri kabisa, ila kilichoko mbele yake kitamgharimu jina. Sijawapenda tangu hapo, na watu huniambia nina roho mbaya. Sawa.

Mama mkubwa hakurudi nyumbani. Alichukua njia ya msituni, akafika kambini jioni ya siku ya pili. Hippolyte alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, kofia kichwani, anakarabati ngazi ya kamba. Amekonda, lakini amekaa wima. Mado akamwambia yote bila kupumzika: muhogo, masizi, kisu cha Théophile, meza ya Mzungu. "Hakuna kamba, Baba Cécilia," akamaliza. "Hakukuwa na kamba. Ni miye. Vunja kibanda hiki, tutoroke twende kwa ndugu zangu upande wa Nyangwe, hawatatufuata."

Hippolyte alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yeye, ulipomuonyesha, alisema nini?"

"Alikataa."

"Basi kama yeye anakataa, miye ni nani?"

"Weye ni bwana yangu! Weye unanijua, sisemi uongo kwako."

"Najua husemi uongo." Akavua ile kofia, akaiweka juu ya goti, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Sikiliza, Mama Cécilia. Tangu nizaliwe, kila Muzungu ananiita mupumbavu. Kapita naye. Ata baba yangu, Mungu amurehemu. Mugongo wangu weye unaujua. Sasa kuko mutu moja, mutu wa vitabu, anafika hapa, anakaa chini kwenye majani, ananiuliza: Hippolyte, weye unaona namna gani? Ananiuliza miye. Na nikijibu, anaandika."

Mado akaketi kando yake.

"Najua hii kitu ni ya uongo," Hippolyte akasema. "Nimeitafuta muda wote huu, miye si kipofu. Lakini usiache kutia masizi."

Mama mkubwa aliniambia kwamba pale alitaka kumpiga na kumkumbatia, na hakujua aanze na lipi. Alimpenda, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba kile kiboko hakikuishia kwenye ngozi aliyoipaka mafuta. Alimtazama mumewe akirudisha kofia kichwani, akiinyoosha taratibu kwa mikono miwili. Akamuuliza kama bado ana chumvi. Akasema anayo kidogo. Kulipokucha, Mado akabeba vibuyu viwili vilivyokuwa vimejaa utomvu, akarudi nyumbani kukwangua vyungu.