Gego la Mama Mwaka wa Vita

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu wakati baba alipochukuliwa pamoja na wanamgambo wenzake kwenda vitani. Hadi leo, watu wakisimulia habari za vita ile ya Kagera, kinachonijia kwanza si mizinga wala magari ya askari. Ni harufu ya mdomo wa mama.

Tulikaa Kaniha, wilaya ya Biharamulo, katika kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa kwa mistari kama madawati ya shule. Mtu akikohoa, nyumba ya tatu walisikia. Nyumba iliyotufuata upande wa kulia ilikuwa ya Bibi, mama yake baba. Sisi kwetu tulisema Kisubi. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha mikutano ya kijiji.

Bibi alikuwa Mkristo asiyekosa sala ya Jumapili, lakini kwenye habari za ndoto hakutaka mchezo. Ukiota jino lako limeng'oka, alisema, kuna mtu wa nyumba yako anaondoka. Likitoka na damu, ni wa karibu kabisa. Asubuhi ya ndoto kama hiyo alitutaka tuteme mate mara tatu kabla ya kumsalimia mtu yeyote, na sisi watoto tulitema kwa raha, maana hapakuwa na siku nyingine ya kutema mate mbele ya wakubwa bila kuchapwa.

Baba hakuwa amemaliza miezi miwili tangu aondoke pale mama alipoanza kuumwa gego. Lilikuwa gego la mwisho, lile linalochelewa kuota mpaka mtu awe mkubwa, upande wa chini kulia. Nusu ilikuwa imetokeza, nusu imebaki chini ya nyama, na chakula kikawa kinaingia humo na kuoza. Mwanzoni alisukutua maji ya chumvi. Baadaye akabandika tumbaku, akatafuna majani machungu aliyoletewa na majirani. Shavu likavimba mpaka jicho likawa dogo. Kisha ikaja harufu.

Sijui niielezeje. Panya akifia ukutani, siku ya tatu nyumba huwa na harufu inayokaribiana na ile, ila ile ya mama ilikuwa na utamu ndani yake, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Tulilala kitanda kimoja, mama, mimi na mdogo wangu Deo. Nikaanza kulala nimegeuza kichwa upande wa miguu yake. Nilimwambia huku kichwani kuna joto. Nilikuwa na miaka kumi, na nilimwonea mama yangu kinyaa kiasi kwamba alipoguguna ugali wake na kuacha kipande, nilikitupa kwa kuku bila kukigusa kwa vidole.

Deo ndiyo kwanza alikuwa anaota meno ya mbele. Siku zile mtoto wa umri wake alitafuniwa. Mama alichukua kipande cha kiazi, akakitafuna kwa upande uliokuwa mzima mpaka kikalainika kabisa, akakitoa kwa kidole na kumlisha. Siku moja niliona kwenye kile kiazi uzi wa njano, mwembamba, unaovutika kama ute wa bamia. Deo akafungua mdomo, akameza, akatabasamu, akafungua tena. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko. Niliporudi nilimwambia mama apumzike, mtoto nitamlisha mimi. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyemtafunia mdogo wangu. Mama alidhani nimepata akili za kikubwa, akanisifu kwa majirani, na kila aliponisifu nilitazama chini.

Watu walimshauri aende hospitali ya misheni. Alikuwapo huko mtu wa kung'oa meno. Mama alikuwa na jibu moja kwa wote. Mume wake yuko vitani, alisema, na mama mkwe wake amesema jino likitoka mtu anaondoka. Je, yeye aende kumtoa mumewe kwa mkono wake mwenyewe? Mwaka ule hapakuwa na mstari wa nyumba usiokuwa na kijana aliyepelekwa mpakani. Nani angemwambia mke wa askari ang'oe jino?

Ndipo akaitwa Mama Kabula. Alikuwa mama wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia kwetu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, mtu mpole, na alijulikana kwa kutoa wadudu wa meno. Alikuja asubuhi. Akaniagiza beseni lenye maji kidogo, akaweka katikati yake kigae cha chungu kilichokuwa kimetoka motoni. Juu ya kigae akamwaga samli na mbegu za ndulele, vile vitunda vya njano vinavyoota kando ya mazizi. Moshi ukapanda. Mama akainama na mdomo wazi, akafunikwa kanga kichwani, na mimi nikaambiwa nishikilie beseni lisiyumbe.

Kwa hiyo niliona yote. Niliona mate yakishuka kwa nyuzi ndefu, meupe, kisha ya njano, kisha yenye damu, yakiangukia kwenye samli na kutulia juu ya maji kama macho ya mchuzi. Mbegu zilikuwa zinapasuka pasu pasu. Moshi ulichanganyika na ile harufu mpaka nikawa nauonja ulimini. Kanga ilipoondolewa, Mama Kabula alikoroga maji kwa kijiti, akatuonyesha wadudu. Walikuwa weupe, wadogo, wamejikunja. Majirani wakaguna. Mama aliwatazama kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu aliyeonyeshwa alichokuwa akikishuku siku zote kuhusu mwili wake, akaanza kulia.

Niliambiwa nikamwage mbali, wadudu wasije wakaingia kwa mtu mwingine. Nilikwenda nimeziba mdomo wangu kwa kiganja kimoja. Lakini mtoto ni mtoto. Kabla ya kumwaga nilichungulia, nikaona mdudu mmoja bado nusu yake imo ndani ya mbegu.

Kwa siku mbili mama alisema amepata nafuu. Siku ya tatu hakuweza kufungua mdomo zaidi ya upana wa kidole, na uvimbe ukashuka shingoni. Alikuwa akitetemeka kwa homa huku jua likiwaka. Nilichuma ndulele kando ya zizi, nikapasha kigae, nikamwaga mbegu kwenye beseni lilelile, peke yangu, bila mdomo wa mtu yeyote juu yake. Wadudu wakatoka. Wengi, weupe, wamejikunja.

Nikambebea Bibi lile beseni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akachungulia, akauliza hao wametoka mdomoni mwa nani.

"Hawajatoka mdomoni mwa mtu, Bibi. Wametoka kwenye mbegu."

Aliyakoroga yale maji kwa kidole. Kisha akauliza kwa nini basi mama haendi hospitali. Nikamjibu kama nilivyosikia, kwamba yeye Bibi ndiye aliyesema jino likitoka baba atakufa. Niliona uso wake ukibadilika. Hakuwa amejua. Kijiji kizima kilikuwa kinamtaja, na yeye, nyumba ya pili, hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Aliinuka akaenda kwetu. Nilimfuata. Mama alikuwa amelala ubavu, kitambaa chini ya shavu kimelowa.

"Mimi nilisema habari za ndoto," Bibi alimwambia. "Hili hujaliota. Unalo mdomoni na linakuua."

Mama akajibu kwa meno yaliyofungana. "Na akifa, Mama?"

"Ni mwanangu. Akifa, wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Funga kanga, twende."

Tulikwenda wanne, Bibi, mama, Deo na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemtafunia Deo. Magari yalikuwa machache, mengi yalikuwa yamepelekwa vitani. Tulitembea mpaka njia kuu ya Lusahunga, tukakaa hapo karibu siku nzima, ndipo dereva wa lori la mahindi akatuhurumia. Alitaka mama akae mbele kwa kuwa ni mgonjwa. Baada ya muda mfupi alisimama, akafungua vioo vyote viwili, akaendelea na safari.

Mtu wa meno aliitwa Bwana Simeo, mfupi, mwenye mikono safi sana. Alisema siku hiyo hang'oi, dawa ya ganzi haishiki palipojaa usaha. Alimchana tu kidogo kwa ndani. Kilichotoka kilikuwa kingi kuliko nilivyodhani shavu linaweza kubeba, rangi ya maziwa yaliyoganda, chenye michirizi ya kijani, na kiliendelea kutoka kila alipobonyeza. Nilitapika kwenye ndoo yake. Bibi alikuwa amemshikilia mama kichwa kifuani mwake, usaha unamshukia mkononi hadi kwenye kiwiko, na hakuondoa mkono.

Mama alichomwa sindano siku nne. Siku ya tano, alipoliona koleo, alikimbia. Alikimbia kweli, mwanamke mzima, mpaka getini. Bibi hakumfuata. Alimwambia Bwana Simeo kwamba yeye naye ana jino bovu la mbele linalocheza, aanze naye. Kisha akanituma nimwite mama aje kutazama.

Mama alisimama mlangoni. Bibi, ambaye kwake jino lilikuwa mtu, alifungua mdomo, akang'olewa la kwake bila sauti, akalitazama, akalifunga kwenye ncha ya kanga.

"Haya," alisema, damu ikimtoka. "Kama ni kosa, sasa ni letu wote wawili."

Mama akaenda akaketi.

Gego lilitoka vipande vitatu, na kipande cha mwisho kilikuwa cheusi na kinanuka.

Baba alirudi baada ya vita, amekonda, akitembelea fimbo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekatwa na kidonda hakijafunga. Kijijini hesabu haikuchukua muda: meno mawili, vidole viwili. Walimwambia Bibi usoni. Bibi alifikiri, akasema, "Vidole viwili. Nakubali," akaendelea kupepeta mtama wake.

Kidonda kile kilinuka pia. Mama alikiosha kila asubuhi, ameinamisha uso karibu nacho, akikwangua vilivyooza kwa kitambaa, akizungumza na baba habari za shamba. Mimi nilikaa mbali nikimtazama. Sikuweza kuelewa pua yake ilikuwa wapi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, tulikaa mimi na mama tukichambua maharage, akaniambia jambo ambalo sikuliuliza. Alisema hakuwahi kuamini kwamba baba angekufa kwa sababu ya jino. Alipokuwa msichana kwao Mbuba, aliona mjomba wake akishikwa na wanaume wanne na mng'oa meno wa mnadani akimvunja taya. Ni koleo tu alilokuwa analiogopa.

"Ningesemaje?" aliniuliza. "Wanaume wanakufa, mimi niseme naogopa koleo?"

Nilimwelewa. Ile ilikuwa hofu ndogo ya mtu mmoja, na mwaka ule hapakuwa na nafasi ya hofu ndogo, kwa hiyo aliificha nyuma ya kubwa ambayo kila mtu aliiheshimu. Karibu imuue. Ningeweza nami, saa ileile, kumwambia langu: kwamba akili alizonisifia hazikuwa akili, kilikuwa kinyaa. Yeye alikuwa ameshafungua mlango. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nikayameza, nikaendelea kutenga mawe na maharage. Amekufa bila kuyasikia, na hapa nilipoyaandika asingeyasoma, kwa kuwa hakujua kusoma.