Abiria Wasiopanda

Fundi saa wa kona ya stesheni alipewa na wazazi wake jina zuri tu, lakini mtaa mzima ulimwita Nani Kasema. Mwambie mvua inakuja, atakuuliza nani kasema. Miaka thelathini ya kufungua saa za watu ilimfunza kwamba uso unaweza kung'aa huku ndani kumeoza, na treni mpya ya mjini aliitazama kwa jicho hilohilo. Mradi ule, alisema, umejengwa uliwe, si upandwe.

Mkewe, muuguzi, alimweleza kwamba tangu treni ianze hajachelewa zamu hata siku moja.

"Kwa hiyo kodi ya nchi nzima imemwagwa ili wewe usichelewe?" akamjibu.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mji ulikwishatangaza kwamba stesheni ikifikisha kiwango cha abiria ndani ya miezi sita, njia ya pili itachepukia hapo, na ramani iliipitisha katikati ya kibanda chake. Alikirithi kwa baba yake, na hakuwa na kingine.

Akaapa kuwaumbua watu wa treni. Kupita getini kulikuwa bure, tiketi hukatwa ndani ya treni. Basi asubuhi, mchana na jioni alipanda jukwaani, akachungulia mabehewa, akaandika viti vitupu kwenye daftari. Treni za saa nyingine aliwaachia kinyozi na mshona viatu, majirani zake wa kona. Kisha, kwa kuwa hakuwaamini, akawa anakwenda kuwakagua.

Miezi sita ilipotimia, kwenye mkutano wa mtaa, ofisa wa treni alisoma kwamba stesheni imevuka kiwango kwa abiria mia nne.

"Nani kasema?" fundi akasimama, na ukumbi ukacheka.

"Mashine ya getini, mzee. Kila apitaye huhesabiwa."

Fundi akainua daftari lake. Akasoma viti vitupu mwezi baada ya mwezi, na watu wakaanza kupiga makofi. Ofisa alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza viti hivyo alivihesabia wapi.

"Palepale jukwaani. Mimi na wenzangu, miezi sita, bila kukosa."

Neno lilimtoka kabla hajalisikia. Mara tatu kwa siku, siku mia na themanini, ni mia tano na arobaini, na hapo hajawahesabu kinyozi na mshona viatu. Alikuwa amekibomoa kibanda cha baba yake kwa miguu yake mwenyewe.

"Basi tutoeni kwenye hesabu," alisema kwa sauti ndogo. "Hatukupanda hata mara moja."

Ofisa akamtazama kwa huruma. "Mzee, wewe ndiye mwenye kibanda, na daftari umeliandika wewe. Nikuamini vipi?"

Fundi akalifunga daftari. Angekuwa yeye mezani pale, naye asingeamini.